Maswali Ambayo Mwizi Anayajua Kuliko Mwenye Laini

"Taja namba tano unazopiga mara kwa mara."

Dada wa kaunta kwenye duka la mtandao wangu alisema hivyo macho yakiwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimepanga foleni ya kurudisha laini tangu saa tatu asubuhi, na sasa adhuhuri ilikuwa inakaribia. Jana yake, pale Mbagala Rangi Tatu, watu wakigombania mlango wa daladala, mkono wa mtu uliingia mfukoni mwangu ukatoka na simu. Nikataja namba ya mke wangu. Nikataja ya mama. Ya tatu ikanijia nusu, tarakimu za mwisho zikagoma kabisa. Watu ninaowapigia kila siku sizijui namba zao. Nagusa jina, simu inaita. Na majina yote yalikuwa ndani ya simu iliyokwenda.

"Kaka yangu, bila namba tano mfumo haupiti. Basi niambie muamala wa mwisho ulimtumia nani, na salio lilibaki shilingi ngapi."

Hilo nalo sikulikumbuka. Nani anakumbuka salio lake hadi shilingi ya mwisho?

Tangu siku ile maswali hayo hayajanitoka kichwani. Kila moja lina jibu, na majibu yote alikuwa nayo kibaka. Akifungua orodha ya simu zilizopigwa, anazipata hizo namba tano na nyingine hamsini. Akifungua ujumbe, anaona muamala wa mwisho, jina la aliyetumiwa, makato na salio. Mtu anaweza kunijibu kwamba mwizi aliyekwisha kuishika laini hana haja ya kwenda kuirudisha dukani. Sawa. Basi tumfikirie yule anayetaka laini yako bila kuiba simu, anayekwenda kwa wakala akijifanya ni wewe. Huyo mara nyingi ni mtu anayekujua. Ni mfanyakazi mwenzako, ni ndugu wa nyumba moja, ni kijana wa kibanda unachotolea hela kila Jumamosi. Anajua unampigia nani, na anaweza kubuni salio lako bila kukosea sana. Mtihani wa namba tano unamfaa huyo kuliko unavyonifaa mimi niliyesimama kaunta jasho likinitoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla ya maswali hayo nilikuwa nimeweka kidole. Kilisoma mara ya kwanza. Picha yangu ikatokea kwenye skrini ya yule dada, ile ya kitambulisho cha taifa. Niliiona mwenyewe kwa sababu skrini ilikuwa imegeuzwa upande. Jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, kila kitu. Mwenye kidole alikuwa mbele yake, mwenye sura alikuwa mbele yake, na bado akatakiwa kutaja alimpigia nani juzi.

Niliokolewa na mke wangu. Nilimpigia kwa simu ya mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanisomea namba za rafiki zangu kutoka kwenye simu yake. Nikazirudia kwa sauti, dada akaziandika, mfumo ukapita. Kwa maneno mengine, uhakiki wangu ulikamilishwa na mtu ambaye hakuwepo dukani, kwa namba zilizosomwa kutoka simu nyingine.

Turudi nyuma kidogo, maana bila historia hii mtu anaweza kuona ninalalamikia jambo dogo. Zamani kupoteza laini kulikuwa kero ya siku mbili. Unanunua nyingine kwa muuza vocha, unawatumia watu ujumbe kwamba hii ndiyo namba yangu mpya, mambo yanaendelea. Kisha zikaja pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata ikawa imefika Tanzania, mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kufikia mwishoni mwa 2024, akaunti za pesa za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 60, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wengi wana akaunti mbili au tatu, lakini picha inaonekana. Laini leo ni pochi. Ni mlango wa benki, ni daftari la kikoba, ni umeme wa luku, ni namba ambayo mwalimu wa mtoto anayo endapo mtoto ataugua shuleni. Ukikaa siku mbili bila laini, umekaa siku mbili nje ya nyumba yako mwenyewe.

Ndiyo maana mwaka 2019 tulipoambiwa tusajili laini zetu upya kwa alama za vidole, wengi tulikubali. Kazi ilianza 1 Mei. Ukomo ulikuwa 31 Desemba, Rais John Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Wanaokumbuka foleni za miezi ile za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanakumbuka watu waliotoka vijijini na kulala mjini wakisubiri namba, ile namba ndefu ya tarakimu 20. Tulivumilia kwa sababu ya ahadi moja: kila laini itajulikana ni ya nani, bila shaka yoyote, na matapeli watakosa pa kujificha. Huo ulikuwa mkataba kati ya raia, serikali na kampuni za simu. Sisi tulitoa vidole. Sasa nauliza kwa dhati kabisa: kama kidole changu kinatosha kunihukumu iwapo laini yangu itatumika kutapeli, kwa nini hakitoshi kunirudishia laini hiyo hiyo inapoibwa?

Shangazi yangu anaishi Dumila, mkoa wa Morogoro. Analima mpunga, na siku za gulio anauza mchele. Simu yake ni kitochi, kile kinachokaa na chaji wiki nzima. Kilidondoka gulioni katikati ya magunia, hakikuonekana tena. Alinipigia kwa simu ya jirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimepoteza simu, na hela ya kina mama imo humo."

Hela ya kina mama ni ya kikoba. Shangazi ndiye mtunza hazina, na kwenye laini yake kulikuwa na shilingi 340,000 zilizosubiri mgao wa mwisho wa mwezi. Nikamwambia aende kwa wakala wa pale pale, ni jambo la dakika kumi. Nilimdanganya bila kujua.

Wakala, kijana wa mwamvuli, alimpokea vizuri. Akamwambia aweke kidole. Haikusoma. "Weka tena mama." Haikusoma. Akafuta kile kifaa kwa shati, akamwambia afute kidole kwa khanga. Kidole gumba, cha shahada, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mtu aliyeshika jembe miaka arobaini, aliyepepeta mchele na kushika sufuria za moto kwa mikono mitupu, ngozi ya vidole vyake imelainika kama jiwe la mtoni. Mistari imekwisha. Waashi wanalijua tatizo hili, wauza mkaa wanalijua, wafua nguo wanalijua, na kina mama wazee wa vijijini wanalijua kuliko wote. Kijana akamwambia hana njia nyingine. Aende mjini, Morogoro, kwenye duka kubwa la mtandao.

Akaenda. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, siku ya gulio ikapotea. Duka kubwa lilimwambia kidole hakisomi, kwa hiyo aanzie NIDA akarekebishe taarifa zake. Akaenda NIDA, akaambiwa arudi siku nyingine. Huku nyuma, kina mama wa kikoba wakaanza kunong'ona. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini wawili walikuja jioni kumuuliza hela iko wapi, wakaketi muda mrefu bila kunywa chai. Shangazi aliniambia hilo kwa sauti ya chini sana. Uaminifu wa miaka kumi na moja ulikuwa unapimwa kwa kifaa cha plastiki kisichoweza kusoma kidole cha mkulima.

Na liko jambo jingine ambalo sikulijua hadi lilipompata. Wiki moja kabla, alikuwa ametumia ile huduma ya kukopeshwa kwa simu. Ni deni dogo, la kununua mbolea. Deni hilo lina ada inayoongezeka kila siku. Laini ilikuwa imepotea, hela yake mwenyewe ilikuwa ndani ya laini hiyo na ingetosha kulipa deni mara kumi, lakini hakuweza kuigusa, na ada iliendelea kuhesabiwa. Laini iliporudi siku ya kumi na tatu, mfumo ulikata deni na ada zake zote hapo hapo, kabla hajatuma hata shilingi moja. Mfumo uliochelewa siku kumi na tatu kumtambua kama mwenye hela ulimtambua mara moja kama mwenye deni.

Sisemi uhakiki hauhitajiki. Utapeli upo, na ni mkubwa. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetupa namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na taarifa zake za kila robo mwaka zinaonyesha majaribio ya ulaghai kwa mkoa na kwa mtandao. Rukwa na Morogoro zimetajwa mbele mara kadhaa. Naelewa pia hofu ya kampuni, kwamba laini ikirudishwa kwa mtu asiye mwenyewe, akaunti inasafishwa ndani ya dakika tano. Lakini tuangalie ulaghai huo unapitia wapi. Njia moja maarufu ni ile ya wakala asiye mwaminifu anayemwambia mteja "weka tena, haijasoma", kumbe imesoma, na kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina la mteja huyo huyo. Ndiyo sababu tumeambiwa tupige *106# mara kwa mara kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Tundu liko upande wa kaunta ya wakala, ila ukali wote umeelekezwa kwa aliyeibiwa. Shangazi aliambiwa "weka tena" mara ngapi siku ile? Na ni nani aliyehakikisha kwamba zote zilikuwa hazijasoma kweli? Nilipofika Dumila nilimpigia *106# mwenyewe. Hapakuwa na laini ngeni, Mungu ni mwema, lakini hilo lilitokana na uungwana wa yule kijana, wala si na mfumo.

Sasa tuzungumze ada. Nilipotulia nilichukua karatasi nikajumlisha. Ripoti ya upotevu ya polisi, 500. Steshenari kuichapa, 1,000. Kurudisha laini, 3,000. Nauli za safari tatu, 5,600. Bando la siku moja nililonunua asubuhi ile ile ya kuibiwa na ambalo muda wake uliisha laini ikiwa imefungwa, 5,000. Jumla 15,100, na hapo sijagusa bei ya simu wala siku mbili za kazi. Hakuna ada hata moja kati ya hizo ambayo mtu angeandamana kwa ajili yake. Kila moja ni ndogo, kila moja inadaiwa na mtu tofauti, na kila mmoja anakuonyesha kwamba yake ni ndogo.

Hiyo 3,000 ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri. Nje ya duka lile lile, hatua kumi kutoka kwenye foleni, walikuwepo vijana wa mwamvuli wakigawa laini mpya za mtandao huo huo. Bure, au kwa mia tano, tena na bando la kukukaribisha. Kipande cha plastiki ni kile kile, kifaa cha kidole ni kile kile, mtandao ni ule ule. Mgeni anapewa zawadi, na mteja wa miaka 14 anatozwa. Sababu inaeleweka ukiuliza kijana yeyote wa mwamvuli: laini mpya inamlipa kamisheni, kwa sababu kampuni zinashindana kwa idadi ya laini, na idadi hiyo ndiyo inayotangazwa kila robo mwaka. Laini inayorudishwa haiongezi idadi. Haina mshindi. Ndiyo maana utaona meza sita za kusajili na moja ya kurudisha, na foleni iko kwenye hiyo moja.

Mtu atasema, kama huridhiki hama mtandao. Tanzania tulianza utaratibu wa kuhama na namba ile ile 1 Machi 2017. Unatuma neno HAMA kwenda 15080. Ni utaratibu mzuri na nilifurahi ulipokuja. Lakini ujumbe huo unatumwa kutoka kwenye laini yenyewe, na mimi sina laini. Na hata ningekuwa nayo, namba inahama, pochi haihami. Unatakiwa utoe hela zako kwanza, na kumbukumbu zako za mikopo na miamala zinabaki nyuma. Kwa mtunza hazina wa kikoba, au mfanyabiashara ambaye namba yake ya malipo imebandikwa ukutani, kuhama ni kuanza upya. Kampuni zinalijua hilo. Ushindani ambao ungeshusha ada na kufupisha foleni unakwama hapo.

Huduma kwa wateja ni namba 100. Ni fupi, inakumbukwa na kila mtoto, na mitandao yote inaitumia. Uzuri huo unageuka tatizo siku unapoibiwa. Ukiazima simu ya mtu wa mtandao mwingine na kupiga 100, unapokelewa na mtandao wake. Pale Rangi Tatu niliazima simu za watu wanne kabla sijapata mwenye mtandao wangu, jioni, watu wana haraka, na ni nani anayempa simu yake mtu asiyemjua pale? Nilipompata, mama mmoja muuza karanga, Mungu ambariki, nilisikiliza salamu, tangazo la bando, orodha ya kubonyeza, muziki, tangazo la mkopo, muziki. Dakika kumi na moja. Nilichotaka ni sentensi moja tu: fungeni laini yangu. Kufunga laini hakuhitaji namba tano wala salio la mwisho. Mtu akifunga laini ya mwenzake kwa hila, hasara ni ya saa chache. Laini isipofungwa, hasara haina mwisho. Kufunga kungepaswa kuwa rahisi kama kuita zimamoto, kutoka simu yoyote, mtandao wowote, kwa namba ya kitambulisho tu. Ukali ungebaki kwenye kufungua.

Ipo pia namba ya kifaa chenyewe, IMEI, ile unayoiona ukipiga *#06#. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilianzisha daftari kuu la namba hizo, na kubadili namba ya kifaa ni kosa. Kwamba daftari hilo lina nguvu tuliona Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima. Zilikufa mikononi mwa watu usiku mmoja. Kwa hiyo uwezo wa kuizima simu iliyoibwa upo tangu wakati huo. Nilitoa ripoti na namba ya IMEI niliyoisoma kwenye boksi. Nikapewa karatasi. Hakuna aliyeniambia simu itazimwa lini, wala kama imezimwa, na hadi leo sijapata ujumbe wowote. Kama vibaka wangejua kwamba kila simu inayoripotiwa inakufa kabla ya jua kuzama, mkono ule pale Rangi Tatu ungekuwa na sababu ya kusita.

Majirani wetu nao wameona namna daftari la vifaa linavyopata nguvu pale penye mapato. Kongo, kuanzia 2020, wenye simu walikatwa tozo ya RAM, yaani ya daftari la vifaa vya simu, kutoka kwenye salio lao, dola 1 kwa mwaka kwa simu za 2G na dola 7 kwa za 3G na 4G, wakiambiwa ni kwa ajili ya kupambana na simu bandia na za wizi. Watu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi walilalamika pamoja na Kinshasa hadi ikaondolewa mwaka 2022. Kenya, mwishoni mwa 2024, mamlaka ya mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2025 IMEI za simu zinazoingizwa nchini ziandikishwe kwa ajili ya kodi, na jambo likafika mahakamani. Sina ugomvi na kodi halali. Ninachoona ni kwamba namba hiyo hiyo ya tarakimu 15 inatafutwa kwa bidii inapoleta fedha, na kwa uvivu inapoweza kumsaidia aliyeibiwa.

Simu mpya niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa bei iliyoniuma lakini hiyo ni biashara na niliikubali. Risiti ilikuwa na maneno yale yanayochapwa kila mahali, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wiki ya tatu ikakataa kuingia chaji. Muuzaji akanielekeza kituo cha matengenezo cha kampuni, kwa kuwa dhamana ni ya miezi 12. Kituo kikataka shilingi 15,000 ya uchunguzi kwanza. Nikauliza, uchunguzi wa simu iliyo ndani ya dhamana? Nikajibiwa ndio utaratibu, na kwamba wakikuta imeingia maji dhamana inakufa. Nikalipa. Siku sita baadaye nikaambiwa imeingia maji. Simu ile haikuwahi kugusa maji. Sikuonyeshwa picha, sikuonyeshwa maandishi ya fundi, nikapewa simu yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikarudi Aggrey kwa fundi anayekaa ngazini na meza yake ndogo. Akaifungua mbele yangu, akaniambia sistimu chaji imelegea, akaichomea, dakika ishirini, shilingi 10,000.

Tofauti kati ya fundi huyo na kituo kile haikuwa ujuzi peke yake. Fundi alinionyesha. Nilishika taa, nikaona penye tatizo, nikaona anavyolitengeneza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inatambua kwamba bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, imlinde mlaji dhidi ya udanganyifu. Wino wa risiti haupaswi kumtisha mtu mwenye sheria hizo nyuma yake. Lakini mtu wa kawaida ataacha kazi siku ngapi kufuatilia 15,000? Hapo ndipo ada ndogo zinapopata kinga yao.

Kwa hiyo nataka mambo machache, na nayataka kwa TCRA, kwa sababu kila kampuni peke yake haitaanza. Kidole kikisoma na picha ikafanana, laini irudi hapo hapo, bila namba tano na bila ada. Kidole kisiposoma, mzigo uwe wa kampuni: watumie uso, au wadhamini wawili wenye laini zilizosajiliwa na barua ya mtendaji wa kijiji, na waifanye kazi hiyo pale pale mteja alipo, wasimpandishe basi. Laini ikiripotiwa kupotea, ada za mikopo yake zisimame siku hiyo hiyo na muda wa bando usimame. Na kwa kuwa mamlaka inatuchapishia kila robo mwaka idadi ya laini na majaribio ya ulaghai, ituchapishie pia ni laini ngapi zilirudishwa, kwa siku ngapi kwa wastani, na mtandao upi ulichukua muda mrefu zaidi. Kampuni inayojua kwamba siku zake kumi na tatu zitasomwa magazetini itaongeza meza.

Jambo hili linawezekana. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika na wananchi wakapiga kelele, zilisitishwa ndani ya siku chache. Waliopiga kelele walikuwa wengi kwa wakati mmoja, kwa sababu bando linamgusa kila mtu asubuhi ile ile. Anayeibiwa simu anaibiwa peke yake, anapanga foleni peke yake, na akishapata laini anataka kusahau. Sauti zetu hazikutani.

Laini ya shangazi ilirudi baada ya afisa mmoja wa duka la Morogoro, binti mpole, kuacha kaunta yake, kumpeleka nyuma, kumpaka mafuta ya nazi vidoleni na kujaribu kimoja baada ya kingine hadi kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasoma. Haikuwa sehemu ya utaratibu. Kina mama wa kikoba walipata mgao wao jioni ile, na waliobaki bila kunywa chai wiki ile waliinywa.

Nilipokwenda kumsalimia mwezi uliofuata, nilikuta ameandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango: namba yake ya NIDA, namba tano za watu, na IMEI ya kitochi kipya. Nilimsifu. Akaniuliza kile kidole cha pete kitasoma hadi lini, maana msimu wa kupandikiza mpunga unaanza Januari.